Risasi moja nimeipima mara tatu, namba tatu. Kosa ni la mkono, la venia au la risasi yenyewe?

#1 FundiKambi
Wakuu salaam. Mimi ni fundi magari kwenye kambi moja ya uwindaji huku Liwale, kampuni siitaji. Tuna mgeni wa siku 21, kaja na bunduki yake ya .375 H&H na risasi alizojaza mwenyewe huko kwao. Juzi alfajiri anapakia magazini tuondoke kufuata nyati, risasi tatu zikagoma. Pua inagota ukuta wa mbele wa magazini, haishuki. Mwindaji bingwa akauliza nani ana venia, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia urefu na unene. Mwenye venia kambi nzima ni mimi, ya kupimia diski za breki.

Nikapewa boksi la risasi 20. Mgeni anasema zote alizifunga kwa urefu wa kitabu, inchi 3.600, yaani milimita 91.44. Mimi nikapata kuanzia 90.92 hadi 91.71. Nikasema labda mimi ndiye mbovu, nikachukua moja nikaipima mara tatu: 91.38, 91.47, 91.35. Mgeni akacheka, akasema venia yangu ya kuchezea watoto. Iliniuma.

Naomba mnisaidie, risasi inapimwaje? Nipo Liwale mjini nafuata dizeli mpaka kesho. Kambini mtandao ni mpaka upande kichuguu.

#2 Kuchele
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 MkerezajiMasasi
Mkuu, bunduki sizijui ila venia ndiyo ugali wangu, nakereza miaka kumi na nane. Namba zako tatu zimepishana 0.12. Venia ya dijito ya kawaida, hata ya bei rahisi, ikiwa nzima inakosea 0.02 au 0.03. Hiyo iliyobaki ni mkono wako.

Risasi ni kitu cha duara chenye ncha. Ukiishika mkononi huku venia iko mkono wa pili, ukiinamisha kidogo tu unapata namba nyingine. Bana venia kwenye jiriwa, weka kitako cha risasi kikae bapa kwenye taya lisilotembea, sogeza taya la pili polepole mpaka liguse pua, halafu izungushe risasi kwa vidole huku unaangalia kioo. Usikamue. Wengi wanakamua venia kama wanakamua nazi.

Kabla ya yote ipime venia yenyewe. Tafuta beringi mpya namba 6308. Kipenyo chake cha nje ni milimita 90, karibu kabisa na kipimo chako. Ikisoma 90.00 au ikapungua 0.02 tu, mwambie mgeni wako aache dharau.

#4 MamaMabibo
Huyo mgeni kakutana na kipimo cha kangomba, kile cha walanguzi wa korosho, pole yake 😂 Kisado kimoja, kila mnunuzi anasema ujazo wake.

#5 FundiKambi
#3 shukrani sana kaka. Beringi ya 6308 ninayo stoo, ya pampu. Nitajaribu. #4 mama acha hizo, mimi ni mtu wa haki.

#6 MwanaKilwa
Zamani huku hatukuhitaji venia. Kinjikitile alishatupa dawa hapa Kilwa, risasi inageuka maji. Maji unayapimaje urefu?

#7 Mndengereko_Og
#6 Kinjikitile alikuwa Ngarambe, hiyo ni Rufiji. Nyie Kilwa mna Nandete, kwa Wamatumbi, ndiko walikong'oa pamba 1905. Msituibie mganga.

#8 MwanaKilwa
Dawa ilifika mpaka kwetu, kwa hiyo yetu sote.

#9 Mchimbaji_Rustenburg
Mimi kwetu Newala ila nipo Afrika Kusini miaka tisa, na huku nipo kwenye klabu ya shabaha, kujaza risasi mwenyewe ni jambo la kawaida ukiwa na kibali. Hebu tuweke lugha sawa kwanza maana Kiswahili chetu kinatuchanganya. Tunaposema "risasi" tunamaanisha vitu viwili. Kuna kichwa, kile kinachoruka. Kuna ganda, shaba lenye baruti ndani na fataki kwenye kitako. Vikishaunganishwa tunaita tena risasi. Sasa "urefu wa risasi" ni upi? Mgeni anazungumzia urefu wa vyote pamoja, kitako mpaka ncha.

Tatizo ni hiyo ncha. Vichwa vya kuwindia vingi vina risasi laini puani, ile metali yenyewe. Vikigongana kwenye boksi vinabonyea. Hata vikiwa vipya havilingani kiwandani. Na mashine ya kuzamishia kichwa haikishiki kwenye ncha, inakibana ubavuni, chini kidogo ya ncha, pale kinapoanza kunenepa. Kwa hiyo fundi anaweza kuzamisha vichwa vyote sawasawa kabisa na bado ukipima kwa ncha upate namba ishirini tofauti. Risasi nzima zimekosea kwa jicho lako, kumbe ni ncha tu.

Sisi tunapima kwa kutumia kipande cha chuma chenye tundu dogo kuliko kichwa. Kinavalishwa puani, kinakaa kwenye ubavu, unapima kuanzia kitako hadi hapo.

#10 Kuchele
Hapo kwenye ubavu tuite bega la kichwa.

#11 Mchimbaji_Rustenburg
#10 hapana, bega ni la ganda, pale linapobana kuelekea shingo. Ukiita viwili bega, mtu atapima siko.

#12 MamaMabibo
Iteni nyonga basi, yaishe.

#13 TichaRuangwa
Nafundisha fizikia. Mbona hamjataja joto? Huyo mgeni alijaza kwao baridi, Liwale saa saba mchana ni tanuri. Shaba inatanuka. Ndiyo maana hazikuingia.

#14 MkerezajiMasasi
#13 mwalimu, piga hesabu basi, si ndiyo kazi yako.

#15 TichaRuangwa
Sawa. Shaba ya maganda inatanuka takriban sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Chukua tofauti ya nyuzi 15. 91.44 mara 0.000019 mara 15 ni milimita 0.026. Hmm.

#16 MkerezajiMasasi
Na venia nayo ni chuma, nayo imetanuka pamoja na risasi, kwa hiyo hata hiyo 0.026 hutaiona yote. Yeye ana tofauti ya karibu 0.8.

#17 TichaRuangwa
Nimekubali. Nilikuwa nawapima.

#18 Kuchele
Ticha kajipima mwenyewe kwa venia ya #1 🤣

#19 MzeeWaGobore
Vijana hamjambo. Mimi nipo Nachingwea, umri umekwenda. Baba yangu alikuwa na gobore, na kipimo chake kilikuwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Ule mdeki alikuwa ameukata alama mbili kwa kisu. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki ukiingia mpaka chini, alama ya kwanza inalingana na mdomo wa mtutu. Akishaweka baruti, tambara na gololi, anashindilia, na alama ya pili lazima ilingane. Ikibaki juu, gololi haijafika kwenye baruti, na hapo hapigi. Akiona nafasi katikati ya gololi na baruti alikuwa anasema bunduki hiyo inataka kupasuka usoni. Hakusoma darasa hata moja.

#20 FundiKambi
Shikamoo mzee.

#21 Mchimbaji_Rustenburg
Shikamoo mzee wangu. Na niwaambie kitu, hicho alichofanya baba yako na sisi tunakifanya mpaka leo. Ukitaka kujua mtutu wako unaruhusu urefu gani, unafunga komeo bila risasi, unaingiza fimbo ya kusafishia mdomoni mpaka iguse uso wa komeo, unaweka alama. Kisha unatoa komeo, unasukuma kichwa kitupu kwa upole mpaka kiguse mwanzo wa mifereji ya ndani ya mtutu, unaingiza fimbo tena iguse ncha, alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili ndio urefu ambao kichwa hicho kinagusa mifereji kwenye bunduki hiyo. Bunduki nyingine, urefu mwingine. Mdeki tupu.

#22 MzeeWaGobore
Marahaba wanangu. Kumbe mnalipia vilabu kujifunza mambo ya baba yangu.

#23 Mwanasheria_Mikindani
Naomba niingilie kidogo. Msomaji asije akadhani huu ni uzi wa kufundishana kujaza risasi nyumbani. Kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Kupima ya mgeni mbele ya mwindaji bingwa ni jambo jingine. Magobore yasiyosajiliwa nayo yana habari yake, mzee natumaini la baba lilisalimishwa.

#24 MzeeWaGobore
Lilisalimishwa zamani. Umebaki mdeki, nachokonolea panya.

#25 Mmwera_Halisi
Niulize swali la kijinga. Risasi ya .375 H&H ina ule mkanda pale chini. Nilidhani inapimwa kuanzia kwenye mkanda kwa sababu ndipo inapokaa kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu?

#26 Mchimbaji_Rustenburg
Si la kijinga. Mkanda ndio unaoizuia risasi isizame zaidi ndani ya chemba, hapo upo sawa. Ila urefu wa jumla unaanzia kitako kabisa. Na hapo kitakoni angalia fataki, ikiwa imechomoza hata kidogo inaongeza namba, tena ni hatari. Hiyo risasi ni ya zamani, Holland & Holland wa London waliitoa 1912, na bado ndiyo kipimo ambacho wengi wanaanzia kwa wanyama wakubwa.

#27 Afande_Mstaafu
Tuseme ukweli, hapa hoja ni kina cha kuzama. Fomula ni rahisi: urefu wa ganda jumlisha urefu wa kichwa, toa urefu wa jumla. Ganda la .375 H&H ni 72.39 kwa juu kabisa. Kichwa chukulia 34. 72.39 + 34 − 91.44 = 14.95. Kichwa kimezama karibu milimita 15. Ganda likikatwa fupi, kichwa kinazama kidogo, baruti inapata nafasi zaidi, presha inashuka.

#28 MkerezajiMasasi
#27 afande hesabu ni sahihi lakini mwisho umeteleza. Chora kwenye karatasi. Kitako cha kichwa kiko umbali gani kutoka kitako cha ganda? Ni urefu wa jumla toa urefu wa kichwa: 91.44 − 34 = 57.44. Urefu wa ganda haumo kabisa. Ukikata mdomo wa ganda, kichwa hakijasogea, ni shingo ndiyo imekishika kidogo zaidi. Nafasi ya baruti ni ile ile.

#29 Afande_Mstaafu
Nimechora. Umenikamata. Lakini shingo ikishika kidogo kichwa kinaweza kusogea, kwa hiyo sijakosea sana.

#30 Kuchele
Afande hakosei, anasogea.

#31 Mjombaake
Mimi nasikia risasi ikiwa ndefu presha inapanda kwa sababu inagusa mifereji. Wengine wanasema ikiwa fupi ndiyo presha inapanda kwa sababu baruti inabanwa. Semeni moja.

#32 Mchimbaji_Rustenburg
Zote mbili ni kweli, ndiyo raha yake. Kichwa kikiwa kimegusa mifereji hakipati mbio ya kuanzia, presha inaruka. Kikizamishwa kupita kiasi, chumba cha baruti kinapungua. Katikati hapo ndipo watu wa shabaha wanapotafuta mahali bunduki inapopenda. Kwa nyati sahau hayo yote, kinachotakiwa ni iingie magazini, iingie chemba, iwake.

#33 FundiKambi
Wakuu nimerudi, siku sita kimya. Nipo juu ya kichuguu, betri asilimia 20.

Beringi ya 6308: 90.00, 90.01, 89.99. Nilimwita mgeni akasoma mwenyewe. Kanyamaza.

Nikabana venia kwenye jiriwa kama #3 alivyoelekeza. Risasi ile ile ya mwanzo: 91.40, 91.41, 91.40. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa langu, nakubali. Lakini ishirini zote bado zinaanzia 90.93 mpaka 91.70.

Nikachukua kipande cha shaba, nikakitoboa kwa biti ya 9, kichwa chenyewe ni 9.5 na ushee. Nikakipiga msasa, nikakivalisha. Sasa sikilizeni: 15 zimekaa ndani ya 0.06. Yaani zile zilizoonekana zinatofautiana, nyingi ni ncha tu, kama Rustenburg alivyosema. Mbili ni fupi kweli, kwa 0.3 hivi. Tatu ni ndefu kweli, na ndizo hizo hizo zilizogoma magazini.

#34 MkerezajiMasasi
Umetoboa kwa drili ya mkono?

#35 FundiKambi
Ya mkono.

#36 MkerezajiMasasi
Tundu la drili ya mkono ni yai. Ungeniletea Masasi nikukerezee kwa soda moja. Ila kama ulikivalisha upande ule ule kila mara, tofauti zinaaminika.

#37 Mjombaake
Mimi namba ya kichuma chake siielewi. Mgeni anasema kitabu 91.44, kichuma kinasema ngapi?

#38 Mchimbaji_Rustenburg
#37 usilinganishe na kitabu kabisa. Kichuma chake kina unene wake na tundu lake. Namba yake inafaa kulinganisha risasi kwa risasi, kwa kichuma hicho hicho. Mimi na jirani yangu klabuni tuna vichuma vya duka moja na namba zetu hazifanani.

#39 MamaMabibo
Si nilisema, kangomba. Kila mtu na bakuli lake.

#40 Askari_Pori
Zile mbili fupi naweza kuwaambia. Bunduki kubwa ikipiga, risasi zilizobaki magazini zinagonga ukuta wa mbele kwa pua. Ukipiga moja, ukajaza juu, ukapiga, ukajaza, ile ya chini kabisa inapigwa ngumi kila mara. Nimeona ncha zimekuwa bapa kama kitufe. Muulize mgeni kama kuna risasi zilikaa chini siku ya kulenga shabaha.

#41 FundiKambi
Nimemuuliza. Anasema ndiyo, siku ya kwanza alipiga sita akijazia juu, mbili za chini hakuzitoa. Mkuu umeua.

#42 Afande_Mstaafu
Kwa hiyo kichwa kimesukumwa ndani. Hizo tatu ndefu je? Ngumi hairefushi.

#43 Mchimbaji_Rustenburg
Naweka dau kwa baruti iliyobanwa. Ukijaza mpaka kichwa kinaishindilia, baruti inataka kurudi juu kama mkate. Shingo ikiwa imelegea na mdomo wa ganda haukubanwa kwenye ule mfereji unaozunguka kichwa, kinapanda taratibu. Safari ya ndege, barabara ya Liwale, unategemea nini? Kuna kisa mashuhuri cha .458 ya Winchester, ilitoka 1956 na ganda fupi, baruti ikashindiliwa sana, wawindaji wa Afrika wakalalamika inagandana na haiungui vizuri.

#44 MkerezajiMasasi
Mimi nasema mkono wa mashine haukufika chini. Mtu anajaza ishirini usiku, simu inalia, mara tatu anaishia robo tatu ya safari. Nimeharibu bushi nyingi hivyo hivyo.

#45 Askari_Pori
#43 ikiwa ni baruti, kwa nini tatu tu? Zote zina baruti ile ile.

#46 Mchimbaji_Rustenburg
Shingo za maganda hazilingani. Maganda yaliyopigwa mara nyingi yanakuwa magumu, hayashiki sawa na mapya.

#47 TichaRuangwa
Au alichanganya boksi mbili za vichwa. Umbo la ubavu likiwa tofauti, mashine inabana sehemu nyingine, na kichuma nacho kinakaa sehemu nyingine. Hili nimelipigia hesabu kabla ya kuandika.

#48 FundiKambi
Ticha hapo umemgusa. Mgeni anasema anadhani alifungua boksi la pili la vichwa katikati ya kazi, ila hana hakika ni tatu au kumi. Ungeng'oa vichwa upime, ungejua. Mwindaji bingwa kakataa katakata, kasema hapa siyo karakana ya silaha. Tatu ndefu na mbili fupi zimefungwa kwenye mfuko wao na alama ya kalamu, hazipigwi, zinarudi na mwenyewe.

#49 Mmwera_Halisi
Na nyati?

#50 FundiKambi
Alianguka siku ya nne, risasi moja na ya pili ya kuhakikisha. Mgeni anasema ni ile nilipima 91.40. Mimi sijui kaitambuaje, labda kanifariji.

#51 MkerezajiMasasi
Robo tatu ya safari, mimi sibadiliki.

#52 Mchimbaji_Rustenburg
Baruti.

#53 TichaRuangwa
Boksi mbili.

#54 Mjombaake
FundiKambi, hiyo venia ukimaliza msimu unaiuzaje? Ipo na beringi yake?

#55 FundiKambi
Mgeni kaniachia ya kwake, ya mshale, haitaki betri. Hii ya dijito njoo Liwale na elfu ishirini. Beringi ni ya kampuni.

#56 MamaMabibo
Nichukue mimi. Msimu wa korosho unakuja, kuna watu nataka kuwapima mabakuli yao.